Kustaajabisha na Kukumbusha: Kuisoma Upya Beit al-Ajaib

Nyumba kubwa inayotazamana na bahari ya Forodhani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, imebeba majina mawili yasiyopatana. La kwanza ni la Kiarabu, Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, na hilo ndilo iliyopewa ilipokuwa kasri. La pili ni la Kiswahili, Makumbusho, nalo liliijia zaidi ya karne moja baadaye, pale kasri lilipogeuzwa kuwa jumba la kuhifadhia historia na utamaduni wa Zanzibar na wa mwambao kwa jumla. Wapenzi wa lugha watatambua mara moja kwamba kila jina limeficha kitenzi cha kutendesha. Nyumba ya maajabu hustaajabisha, makumbusho hukumbusha. Tofauti ya vitenzi hivi si ndogo. Aliyestaajabishwa huachama, neno likampotea. Aliyekumbushwa hurudiwa na neno alilokuwa amelisahau.

Jumba la makumbusho huweza kuhakikiwa kama utungo unavyohakikiwa. Lina maudhui yake, lina fani yake, lina mpangilio wa beti zake, na lina yale liliyoyanyamazia. Makala haya yanaisoma Beit al-Ajaib kwa namna hiyo: kwanza kama ilivyotungwa na Sayyid Barghash, kisha kama ilivyotafsiriwa upya na wanahistoria waliojaza kumbi zake vyombo, vigae na nguo. Swali lililo mbele ya msomaji ni moja: kati ya vitenzi viwili hivyo, ni kipi kilichoshinda? Swali hili lilikuwa la wasomi peke yao hadi tarehe 25 Desemba 2020, siku ambayo sehemu kubwa ya mbele ya nyumba iliporomoka. Tangu hapo limekuwa swali la kila anayeipenda nyumba hiyo, kwa kuwa anayetaka kuinua jengo lililoanguka hana budi kwanza aamue anainua nini.

Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, aliijenga nyumba hii mwaka 1883. Hakuijenga kwa ajili ya kulala. Makazi yalikuwa jirani, Beit al-Hukm na Beit al-Sahel, nayo yaliunganishwa na nyumba mpya kwa vivuko vya juu vilivyofunikwa, ili wanawake wa kasri wapite bila ya kuonekana na walio njiani. Beit al-Ajaib ilikuwa nyumba ya dhifa, ya sherehe na ya kupokea wageni wa heshima. Aliyeijenga alikuwa amekwisha kuiona dunia. Alipata kuishi uhamishoni Bombay baada ya jaribio lake la kumpindua kaka yake, Sayyid Majid, kushindwa mwaka 1859. Na mwaka 1875, akiwa mtawala, alifanya ziara ya Uingereza. Aliporudi alitaka mji wake nao uonekane. Alivuta maji kwa mabomba kutoka Chemchem hadi mjini, akaanzisha mtambo wa kuchapa vitabu vya Kiarabu, na juu ya yote akasimamisha nyumba ambayo baharia angeiona kabla ya kuuona mji.

Ili kuelewa ajabu yake, sharti ikumbukwe jinsi nyumba za mawe za pwani zilivyojengwa kabla yake. Nyumba hizo zilikuwa na mizani, na kipimo cha mizani hiyo kilikuwa boriti, yaani mti wa mkoko. Boriti haiwezi kubeba dari la mawe na chokaa ikiwa ndefu kupita kiasi. Ndiyo maana vyumba vya kale ni vyembamba na virefu, upana wake ukikaribia mita tatu, na nyumba hukua kwa kuongeza chumba nyuma ya chumba, kila kimoja kikiwa cha faragha zaidi kuliko kilichotangulia. Mwashi wa zamani alifanya kazi kama mshairi anayeshika mizani nane kwa nane: sheria haikumnyima ubunifu, ila ilimwambia akomee wapi. Ndani ya ufinyu huo ndimo zilimozaliwa nakshi za plasta, madaka ya ukutani na utulivu wa ndani ya nyumba ambao joto la mchana haliufikii.

Beit al-Ajaib iliivunja mizani hiyo. Nguzo za chuma cha kusubu zilizoletwa kutoka ng'ambo zilizungushwa nje ya kuta, zikabeba roshani pana ghorofa juu ya ghorofa. Kumbi zikapanuka kuliko boriti yoyote ingeweza kuruhusu, dari zikapanda, na katikati ukaachwa ua mkubwa unaotazamwa kutoka kila ghorofa. Baadaye zikaja taa za umeme na lifti, mambo yaliyokuwa mageni kabisa katika sehemu hizi. Mwashi mhafidhina angeiita nyumba hii guni, kama washairi wa arudhi walivyoziita tungo zisizotimiza mizani. Lakini lawama hiyo ingekuwa ya haraka, kwani kuta zenyewe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kazi ya mikono ya hapa hapa. Umbo lilikuwa geni, mwili ulikuwa wa kwao. Mvutano huo kati ya mwili na umbo ndio uliokuja kuigharimu nyumba baadaye. Na ndio pia unaoifanya istahili kuhakikiwa badala ya kusifiwa tu.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Beit al-Ajaib ilionekana kana kwamba imeazimia kubishana na methali hiyo. Milango yake mikubwa ya nakshi, iliyochongwa aya za Kurani, ilikuwa yenyewe ni tamko. Mbele yake iliwekwa mizinga miwili ya shaba ya Kireno ya karne ya 16, silaha za dola iliyokwisha kushindwa zamani katika bahari hii. Mgeni alisoma mlango na mizinga hiyo kabla ya kusalimiwa na mtu yeyote, na alipoingia alikuwa amekwisha kuelewa alichotakiwa aelewe.

Yuko mtu mmoja ambaye mlango huo haukumfungukia, naye ndiye anayefaa kuwekwa mbele ya msomaji wa fasihi. Sayyida Salme, aliyezaliwa mwaka 1844, alikuwa binti ya Sayyid Said na dada wa baba mmoja na Barghash. Wakati ambapo mabinti wa kasri walifundishwa kusoma lakini si kuandika, yeye alijifundisha kuandika kwa siri. Ujuzi huo ndio uliomfanya awe karani wa njama za Barghash mwaka 1859, kwa kuwa barua zilihitaji mkono. Mwaka 1866 aliondoka Zanzibar, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani na kuitwa Emily Ruete. Aliporudi mwaka 1885, akiwa amefuatana na manowari za Kijerumani, kaka yake aliyepata kumwandikia barua alikataa kumpokea. Beit al-Ajaib ilikuwa na umri wa miaka miwili. Mwaka uliofuata, 1886, Salme alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani.

Kwa hiyo katika miaka ile ile mitatu kasri mbili zilijengwa na ndugu wawili. Moja ilikuwa ya mawe na chuma, nyingine ya karatasi. Ya kaka ilistaajabisha. Ya dada ilikumbusha. Ndani ya kitabu cha Salme mna sauti za jikoni na za uani, maradhi, husuda za wake wenza, masomo ya watoto, na desturi za mavazi na salamu: mambo ambayo ukumbi wa dhifa haukujengwa ili kuyapokea. Mna pia utetezi wa utumwa, ambao msomaji wa leo hawezi kuupita bila ya kusita. Hata kosa hilo ni ushahidi, kwani linaonyesha kasri lilivyojiona kutoka ndani. Beit al-Sahel, iliyofanywa makumbusho ya kasri mwaka 1994, ilimtengea Salme chumba chake. Ni haki iliyochelewa, na ni vizuri kwamba ilitendeka mlango wa pili tu kutoka mahali alipokataliwa.

Historia iliyofuata ya Beit al-Ajaib inaweza kuelezwa kwa maneno machache. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliupiga mabomu mwambao wa kasri ili kumwondoa Sayyid Khalid, mwana wa Barghash, aliyekuwa amekalia kiti. Vita haikumaliza dakika 45, na watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Beit al-Hukm iliharibiwa kabisa. Mnara wa taa uliosimama mbele ya nyumba nao ukaharibika. Beit al-Ajaib ilisalimika, na mwaka 1897 ilijengewa mnara mpya wa saa kifuani pake. Uso ambao dunia iliujua kwa picha za posta, ule wenye mnara katikati, haukuwa uso wa 1883. Ulikuwa kovu lililotiwa saa. Mwaka 1911 nyumba ikawa ofisi kuu ya serikali chini ya Waingereza. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikatumiwa na chama kilichokuja madarakani. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikawa makumbusho.

Tafsiri hiyo mpya ya nyumba ilikuwa kazi ya ujasiri, na anayestahili kutajwa hapa ni Profesa Abdul Sheriff, mwanahistoria wa biashara ya Bahari ya Hindi, aliyeongoza kazi ya makumbusho ya Zanzibar katika miaka hiyo. Njia nyepesi ingekuwa kurudisha viti vya enzi na picha za masultani, na kumwacha mgeni azunguke akidhani yuko katika mwaka 1883. Njia iliyochaguliwa ilikuwa nyingine. Katikati ya ua, mahali penye heshima kuliko pote katika nyumba nzima, paliwekwa mtepe.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa mengi juu ya mtepe, ingawa si wengi walio hai waliouona ukielea, kwani mitepe ya mwisho ilitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Ni chombo kilichoshonwa. Mbao zake ziliunganishwa kwa kamba za usumba na vigingi vya mti, bila ya msumari hata mmoja wa chuma; tanga lake lilikuwa mkeka; na omo lake lilijiinua kama shingo ya ngamia. Ule wa Beit al-Ajaib ulijengwa upya kwa ajili ya makumbusho, ukaitwa Shungwaya, jina la nchi ya asili katika masimulizi ya watu wengi wa mwambao. Mafundi walilazimika kuifufua elimu iliyokuwa imelala. Kazi hiyo peke yake ingetosha kuyapa makumbusho sababu ya kuwapo, kwa sababu kumbukumbu ya mkono haihifadhiki ndani ya kabati la kioo. Huhifadhika kwa kufanywa tena.

Hapa fani na maudhui vilikutana vizuri sana. Nyumba iliyojisifu kwa chuma ilifanywa iwe banda la chombo kisichojua chuma. Mtazamaji aliyesimama roshani ya juu, ambako zamani wakubwa walisimama kuwatazama wadogo, alijikuta akiangalia chini na kuona kazi ya mabaharia, mafundi na wasokota kamba. Kasri lilikuwa limepinduliwa bila ya kuvunjwa. Hapo ndipo kukumbusha kulipokaribia zaidi kukushinda kustaajabisha, na kama makumbusho yote yangefikia kimo cha ua ule, tahakiki hii isingekuwa na la kuongeza isipokuwa shukrani.

Yako hata hivyo mambo matatu ambayo tafsiri ile haikuyamaliza, na ambayo ujenzi mpya hauna budi kuyakabili.

La kwanza ni neno. Makumbusho ya akiolojia hupenda kitu kinachoshikika, na visiwa hivi vina vitu vingi vya kushikika. Unguja Ukuu, bandari iliyokuwa hai tangu karne ya 7, imetoa vigae vya Uchina na vya Ghuba ya Uajemi pamoja na vyungu vya hapa hapa, tena vyungu vya hapa ndivyo vilivyo vingi mno. Mtambwe Mkuu, Pemba, iligunduliwa mwaka 1984 hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na chache za dhahabu kutoka mbali. Watu wengi wakisikia habari ya sarafu huuliza uzito na thamani. Mpenzi wa mashairi angeuliza zimeandikwa nini, na jibu lingemfurahisha. Katika utamaduni wa sarafu za mwambao huu, wa Mtambwe na wa Kilwa, upande mmoja hubeba jina la mtawala na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande mbili hizo hushika kina kimoja. Ili kulisikia shairi, ilimpasa mtu aigeuze sarafu kiganjani.

Pwani gani nyingine iliyoweka vina katika fedha ya kununulia samaki? Sarafu ya namna hiyo ikiwekwa kitandani mwa kitambaa chekundu, upande mmoja ukiwa juu na mwingine chini, imekwisha kunyamazishwa. Inaonekana, haisikiki. Mfano huu mdogo unaeleza upungufu mkubwa wa majumba ya makumbusho kwa jumla, na wa nyumba hii pia: katika utamaduni ambao hazina yake kubwa ni maneno, vyombo vilipewa makabati na maneno yakapewa vibao vya maelezo. Tenzi zilizohifadhiwa kwa hati za Kiarabu, nyimbo za harusi, majina ya kanga, istilahi za mabaharia kwa kila kamba na kila upepo, hayo si maelezo ya vitu. Hayo yenyewe ni vitu vya kuhifadhiwa. Maandishi ya Kikufi ya kibla cha msikiti wa Kizimkazi, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107, yamebahatika zaidi kuliko sarafu, kwa kuwa yamebaki mahali ambapo watu husimama mbele yake na kusoma. Makumbusho yanaweza kujifunza kitu kutoka kwa kibla hicho.

La pili ni mkono. Mlango wa nakshi husifiwa, na aliyeuamuru hutajwa, fundi hatajwi. Katika Zanzibar ya 1883 utumwa ulikuwa halali, na ulibaki halali hadi 1897. Utajiri uliolipia nguzo na marumaru ulitokana kwa sehemu kubwa na karafuu na pembe za ndovu, na karafuu zilichumwa na watumwa, kama pembe zilivyobebwa hadi pwani kwa mabega ya wapagazi. Mambo haya si siri. Profesa Sheriff mwenyewe aliyaeleza kwa kina katika kitabu chake cha 1987 juu ya watumwa, viungo na pembe. Lakini elimu iliyomo vitabuni haikupata ndani ya nyumba nguvu ya kupambana na nguzo zile. Kibao cha maelezo hakina sauti ya kumfikia mtu anayetazama dari.

Hapa mji wenyewe umefanya mgawanyo wa ajabu. Kutoka Forodhani hadi Mkunazini ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Mkunazini ndiko lilikokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, ndiko lilikojengwa kanisa kuu la Kianglikana, na ndiko zilikosimamishwa shimoni sanamu za watumwa waliofungwa minyororo, kazi ya msanii wa Sweden Clara Sörnäs. Mgeni hupelekwa Forodhani ili astaajabu na Mkunazini ili ahuzunike, kana kwamba ni historia za nchi mbili. Lakini mkataba uliofunga soko la Mkunazini ulitiwa saini na Barghash yule yule aliyejenga Forodhani, na ingawa mkataba ule ulifunga soko, haukumwachia huru aliyekuwa tayari shambani. Fahari na huzuni zilikuwa chini ya paa moja. Makumbusho yanayozitenga humfanya mtazamaji astarehe katika sehemu zote mbili, jambo ambalo haki haitaki.

La tatu ni nyumba yenyewe. Katika jumba hili kitu kikubwa kuliko vyote vilivyoonyeshwa kilikuwa jumba. Chini yake kuna ardhi ambayo masimulizi yanaihusisha na kasri la Mwana Fatuma, malkia wa Unguja wa karne ya 17, na ubavuni pake iko Ngome Kongwe yenye mabaki ya kanisa la Kireno ndani ya kuta zake. Kila tabaka limelalia juu ya jingine. Akiolojia ni elimu ya kusoma matabaka, lakini tabaka la juu kabisa, lile la 1883 hadi leo, liliachwa likae kama ukuta wa kutundikia picha. Kwa nini kuta za matumbawe zinahitaji kupakwa chokaa mara kwa mara? Chuma hufanya nini kikikaa karne nzima katika hewa ya chumvi? Nani aliziba paa, na lini aliacha? Maswali hayo yangekuwa maonyesho ya kuvutia. Kwa kuwa hayakuulizwa kwa sauti kubwa, yalijijibu yenyewe.

Mwaka 2012 sehemu ya nyumba ilianguka, na milango ikafungwa kwa wageni. Tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yaliyogharamiwa na Oman yakiwa yanaendelea, upande wa mbele pamoja na mnara wa saa ukaporomoka. Watu wawili walipoteza maisha. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta imetumiwa mara nyingi hata imechakaa, lakini siku ile ilirudi kwenye maana yake ya mwanzo kabisa, bila ya tamathali.

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili hawezi kuutazama ukumbi uliovunjika bila ya kuikumbuka Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Mtunzi yule, akitunga mwanzoni mwa karne ya 19, aliyatazama majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na vyombo vya Uchina katika madaka yake, akayakuta makimya, yamekaliwa na ndege na wadudu. Kwake yeye magofu yalikuwa hoja dhidi ya moyo unaoghurika na dunia. Wako wanaoweza kuisimamisha hoja hiyo hapa: nyumba ya fahari imeanguka, na iachwe iwe mawaidha. Tena wako wanaosema kwamba kasri la masultani halistahili fedha ya umma, na kwamba kilichoanguka ni jina la watawala waliokwisha kuondolewa mwaka 1964.

Hoja zote mbili zina uzito, na zote mbili zinasahau jambo moja. Al-Inkishafi haikuyaacha majumba ya Pate yapotee. Iliyalilia na kuyalaumu, na katika kuyalaumu ikayahifadhi: madaka yake, taa zake, wenyeji wake. Hakuna makumbusho ya Pate yaliyo kamili kuliko beti zile. Mtunzi aliweza kulaani fahari na kuihifadhi kwa pumzi moja, na hicho ndicho kipimo ambacho jumba lolote la makumbusho linaweza kupimiwa. Kuhusu watawala, ni kweli kwamba nyumba ilikuwa yao. Lakini mawe yaliyochimbwa, chokaa iliyochomwa na milango iliyochongwa ni kazi ya watu ambao hawakuachiwa kaburi lenye jina. Nyumba ikipotea, ushahidi wao wa mwisho unapotea pamoja nayo.

Kwa sababu hiyo nyumba inastahili kuinuliwa, ila si kwa namna yoyote ile. Hatari iliyopo ni kwamba uso wa picha za posta utarudishwa ukiwa mweupe na mkamilifu, saa ikiwa mahali pake, na mgeni atapigwa picha mbele yake asijue kwamba pana watu walifia hapo. Hiyo itakuwa Beit al-Ajaib kwa mara ya pili, na makumbusho hayatakuwapo hata yakiandikwa mlangoni. Ujenzi unaokumbusha ungeuacha mstari wa mvunjiko uonekane ukutani, ungemwonyesha mtazamaji boriti na nguzo ya chuma zikiwa bega kwa bega, ungempa sarafu ya kuigeuza na kina cha kukisikia, na ungeichora njia ya kutoka ua wa mtepe hadi Mkunazini kuwa sehemu ya ziara moja.

Mtepe wenyewe una somo la kumalizia. Kamba za usumba huoza. Chombo cha kushonwa hakikuwahi kujidai kuwa cha milele. Wenyewe walijua kwamba kila baada ya muda kitapandishwa pwani, mishono yake ifumuliwe na kushonwa upya, na mtoto aliyesimama karibu akishika ncha ya kamba ndiye aliyekuwa akijifunza. Nguzo ya chuma ilidai kwamba haihitaji kushikwa tena, na watu wakaiamini kwa zaidi ya miaka mia moja. Bajeti ya chokaa ya kila mwaka, paa linalokaguliwa kabla ya masika, na fundi kijana anayelipwa akae na fundi mzee: mambo haya hayastaajabishi mtu. Bila ya hayo, nyumba ya Forodhani itakuwa na jina lake la kwanza tu.